Nyota Iitwayo Mombasa na Kimondo cha Ndithini

Darsa kwa wanafunzi wa halaka na kwa kila mpenda ilimu

Himidi zote zamstahikia Mola aliyeumba mbingu na ardhi kwa kipimo, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya haya.

Ndugu zetu wasomaji, darsa hii ina mambo matatu. La kwanza ni kueleza kimondo ni nini na chatoka wapi. La pili ni kueleza khabari ya kisayari kimoja kilichopewa jina la mji wetu wa Mombasa, ambacho wengi wa wenyeji wa mji huu hawajapata kukisikia. La tatu ni kuonyesha tafauti iliyoko baina ya mtu anayezitazama nyota apate kujua, na mtu anayezitazama apate kumtuhumu jirani yake. Tusingeliandika haya lau hatukuona kwa macho yetu madhara ya kulichanganya jambo la kwanza na hili la tatu.

SABABU YA DARSA HII

Mwaka jana, katikati ya mwezi wa Disemba, tulialikwa na jamaa yetu mmoja mtu wa pwani afanyaye biashara ya duka huko Ndithini, katika nchi ya Machakos. Ndithini ni mahali pa wakulima na wafugaji, pako upande wa Masinga, na usiku wake una kiza ambacho sisi watu wa mjini tumekwisha kukisahau. Taa ni chache, na mtu akitandika jamvi uani baada ya sala ya Isha aziona nyota zimejaa kama mchele uliomwagwa sinia nyeusi.

Katika nyumba ile alikuwako mtoto wa kike wa miaka sita, ana homa siku ya pili. Usiku wa kuamkia tarehe 14 tulikuwa tumeketi uani, mara kikapita kimondo kikubwa chenye mwanga wa kuonyesha vivuli vya miti, kikatelemka upande wa kaskazini na kuzimika nyuma ya miembe ya jirani. Jirani huyo ni bibi mzee wa Kikamba, mjane, ambaye watoto wa mahali pale humwita Susu, yaani nyanya. Basi mmoja wa watu wazima wa nyumba ile akasema, "Kimeangukia kwa Susu." Maneno hayo yakaingia nyoyoni mwa watu kama cheche iingiavyo katika makuti.

Haikupita nusu saa, akapigiwa simu fundi mmoja wa kupiga falaki aliyeko pwani. Akauliza jina la mtoto na jina la mama yake, akahesabu herufi zake, kisha akajibu kuwa nyota ya mtoto imefungwa na mwanamke mzee akaaye upande wa kibla. Na kibla cha Ndithini, kama kilivyo cha pwani, ni kaskazini. Akataka apelekewe fedha, na akaamrisha kuwa mtoto asitolewe nje ya nyumba kwa muda wa siku tatu.

Ndugu zetu, twakiri mbele yenu kwamba usiku ule tulinyamaza. Tulimwonea haya mwenyeji wetu, tukasema nafsini mwetu kuwa asubuhi tutazungumza naye kwa upole. Ulikuwa unyamavu mbaya. Ilipofika alfajiri, mtoto alikuwa hamtambui tena mama yake.

Tutarudi kwenye khabari ya mtoto huyu mwisho wa darsa. Kwanza na tujue kilichopita juu ya nyumba ile ni kitu gani.

KIMONDO NI NINI?

Kimondo si nyota iliyoanguka. Nyota hizi zimetazo usiku ni majua, na nyingi katika hizo ni kubwa kuliko jua letu. Lau moja ingeliifikia dunia, isingelibaki Ndithini wala Mombasa. Kimondo ni chembe ya jiwe au vumbi, mara nyingi haizidi punje ya mchanga au kokoto, iliyokuwa ikielea katika uwazi ulioko baina ya sayari. Dunia katika safari yake ya kulizunguka jua hukutana na chembe hizo, nazo huingia katika hewa yetu kwa kasi kubwa mno, hewa ikasongwa mbele yake, ikapata moto, na chembe ikawaka na kwisha. Mwanga tuuonao ni wa mauti ya kokoto.

Kuwaka huku huwa juu sana, kadiri ya kilomita 100 kutoka ardhini, mara huzidi na mara hupungua. Hapa pana jambo ambalo kila mwanafunzi alishike vizuri, maana ndani yake mna jawabu ya fitina ya usiku ule. Kitu kilicho juu kiasi hicho huonekana na nchi nyingi kwa wakati mmoja. Kimondo alichokiona mtu wa Ndithini huweza kuonekana na mtu wa Thika, na mtu wa Embu, na mtu wa Kitui. Na kila mmoja wao, akikiona kinatelemka na kuzimika, atasema kimeangukia nyuma ya mti ule au nyuma ya nyumba ile, kwa sababu jicho halina kipimo cha umbali wa mwanga ulioko kizani. Kile tulichokiona sisi kuzimika nyuma ya miembe ya Susu, huenda kilizimika juu ya nchi iliyo mbali kuupita Mlima Kenya. Ikiwa kila mwenye kukiona atamshika jirani yake wa upande ule, basi kokoto moja itatutolea wachawi mia kwa usiku mmoja!

Tena usiku ule haukuwa usiku wa ajabu. Kila mwaka, tarehe 13 na 14 Disemba, dunia hupita katika mkondo wa vumbi ulioachwa na kisayari kiitwacho Phaethon, kilichogunduliwa mwaka 1983. Upana wake ni kilomita tano au sita tu, na njia yake ni ndefu, humsogelea jua kwa karibu kisha humwacha mbali. Chembe za vumbi lake huingia hewani mwetu kwa kasi ya kilomita 35 hivi kwa sekunde, yaani kwa kasi hiyo mtu angetoka Mombasa kufika Kilifi kwa muda usiozidi sekunde mbili. Mwenye subira akikaa nje usiku wa tarehe hizo, mahali penye kiza, ataona vimondo kwa makumi. Tarehe yake yajulikana kabla ya mwaka kuingia, kama ijulikanavyo siku ya Nairuzi. Jambo lenye miadi ya kila mwaka lawaje kuwa ni barua ya siri kutoka kwa mwanamke mmoja wa Ndithini?

Ni kweli kwamba mara chache jiwe huwa kubwa, likasalimika na moto, likafika ardhini. Mifano tunayo katika nchi zetu. Tarehe 16 Julai 2011 mawe ya namna hii yaliangukia sehemu za Thika, ambako si mbali sana na Ndithini. Tarehe 14 Agosti 1992 mvua ya mawe kama hayo iliunyeshea mji wa Mbale katika Uganda, na kijiwe kimoja kidogo kikapenya majani ya mgomba kikamgusa kijana kichwani, asidhurike. Na huko Mbozi, kusini magharibi ya Tanzania, kuna pande la chuma kadiri ya tani 16 lililotoka mbinguni, nalo lipo mpaka leo watu huenda kulitazama. Aidha, si kila kiangukacho ni jiwe. Tarehe 30 Disemba 2024, katika kijiji cha Mukuku huko Makueni, lilianguka duara la chuma lenye upana wa mita mbili na nusu na uzito wa kilo 500 hivi. Wakuu wa Idara ya Anga ya Kenya walikwenda wakalitazama, wakasema kuwa ni kipande cha chombo cha kurushia vyombo angani, kazi ya mikono ya binadamu. Katika khabari zote hizi, kitu kilipimwa, kikajulikana asili yake.

UKANDA ULIOKO BAINA YA MIRIHI NA MUSHTARA

Mawe makubwa yatufikiayo asili yake, kwa sehemu kubwa, ni ukanda mkuu wa visayari. Watu wa elimu hii huviita asteroidi, na sisi tutaviita visayari, maana vyalizunguka jua kama sayari nyingine, ila ni vidogo. Ukanda huo uko baina ya njia ya Mirihi na njia ya Mushtara. Cha kwanza kuonekana kilikuwa Ceres, tarehe 1 Januari 1801, na aliyekiona ni padri Giuseppe Piazzi katika mji wa Palermo, kisiwani Sisilia, mahali ambapo wazee wetu Waislamu waliwahi kutawala na kusomesha. Ceres ni kikubwa kuliko vyote, upana wake wakaribia kilomita 940, na tangu mwaka 2006 huhesabiwa katika daraja ya sayari kibete. Baadaye vikaonekana vingine, na vingine, hata leo vinavyojulikana vimepita milioni moja. Juu ya wingi huo, lau vyote vya ukandani vingekusanywa vikafanywa donge moja, lisingeufikia mwezi wetu kwa uzito, bali lingekuwa sehemu ndogo yake tu.

KISAYARI KIITWACHO MOMBASA

Katika hivyo vilivyomo ukandani, kimoja jina lake ni Mombasa, na namba yake ni 1428. Kiligunduliwa tarehe 5 Julai 1937 katika nyumba ya kutazamia nyota ya Johannesburg, Afrika ya Kusini, na mtu aitwaye Cyril Jackson. Bwana huyu aligundua visayari zaidi ya sabini, na vingi katika hivyo alivipa majina ya nchi, miji na mito ya Afrika. Kimoja ni Kenya, namba 1278, na kingine ni Uganda, namba 1279, vyote viwili vya mwaka 1933. Na ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasihuzunike, maana namba 1429, ifuatayo ile ya Mombasa, ni kisayari kiitwacho Pemba, kilichogunduliwa katika mwezi ule ule wa Julai 1937. Na kabla ya Mombasa, namba 1427, ni Ruvuma. Hivyo Ruvuma, Mombasa na Pemba zimefuatana katika daftari la mbinguni kama zifuatanavyo bandari katika safari ya jahazi.

Na tukieleze kisayari hicho kwa mizani ya mambo tuyajuayo. Upana wake ni kadiri ya kilomita 55. Mtu akitoka Mombasa mjini akaishika njia ya kaskazini mpaka Kilifi, amekwenda kadiri ya hiyo. Basi lifikirini jiwe moja lililoanzia hapa Mombasa, likafika Kilifi, na kimo chake nacho kikakaribia hivyo. Rangi yake ni nyeusi mfano wa makaa, na katika mwanga wa jua ukiangukiao hurudisha sehemu chache tu katika mia. Chajizungusha chenyewe mara moja kwa muda wa saa 17 hivi, kwa hiyo mchana wake na usiku wake, ukivijumlisha, havifiki siku moja yetu. Na kulizunguka jua mara moja huchukua kiasi cha miaka minne na miezi tisa, hata tangu siku ile kilipoonekana mwaka 1937 hakijapita mizunguko ishirini.

Umbali wake kutoka kwenye jua, kwa wastani, ni karibu mara tatu ya umbali wa dunia yetu, nao wa dunia ni kilomita milioni 150. Kikikaribia sana jua, bado kiko zaidi ya mara mbili ya umbali wetu. Hakikati njia ya dunia, wala hakitujii. Jicho tupu halikioni kabisa, hata kwenye kiza cha Ndithini. Yataka darubini nzuri, na ramani ya kuonyesha ni nukta ipi katika nukta zote.

Tulipoisoma khabari hii barazani, mzee wetu mmoja aliuliza kwa dhihaka, "Je, nyota hii yetu itatupunguzia kodi ya nyumba?" Watu wakacheka. Lakini suali lake lina maana kubwa kuliko alivyokusudia. Jiwe lile halijui kwamba laitwa Mombasa. Halijui kusi wala kaskazi, halijui nani bandarini kapata na nani kakosa. Jina ni letu sisi binadamu, kwa ajili ya kutambuana na kupeana khabari. Ikiwa jiwe lililoandikwa jina la mji wetu haliwezi kuutendea mji wetu kheri wala shari, ni vipi nyota isiyo na jina la mtoto wa Ndithini iwe imefungwa kwa ajili yake?

NAMBA KABLA YA JINA

Sasa na tutazame jinsi kisayari hiki kilivyopatikana, maana hapa ndipo palipo na somo letu hasa.

Katika zama zile mtazama nyota alielekeza darubini yake upande mmoja wa mbingu, akapiga picha juu ya kioo kwa muda mrefu. Kisha akapiga picha nyingine ya upande ule ule, baada ya kitambo. Akaviweka vioo viwili katika mashine ya kulinganishia, ambayo humwonyesha jicho kioo hiki na kile kwa zamu, haraka haraka. Nyota zote zilizo mbali hukaa palepale. Lakini kisayari, kwa kuwa kiko karibu nasi na chatembea, huonekana kimeruka kutoka hapa kikaenda pale. Fikirini nukta maelfu kwa maelfu, na mtu ameinama anatafuta nukta moja iliyohama.

Akiipata, je, huipa jina papo hapo? Hapana. Hupewa alama ya muda tu, ya mwaka na herufi. Kisha hapana budi itazamwe tena usiku mwingine, na mwingine, na watu wa miji mingine nao waitazame, wala halitoshi neno la mtu mmoja. Halafu wenye hesabu hupiga hesabu ya njia yake, wakasema kuwa siku fulani itakuwa mahali fulani. Siku hiyo ikifika na nukta ikaonekana palepale, ndipo husadikiwa. Baada ya njia kujulikana kwa yakini ndipo kisayari hupewa namba ya kudumu, na baada ya namba ndipo hupewa jina. Ceres yenyewe, baada ya kuonekana mwaka 1801, ilipotea nyuma ya mwanga wa jua, wala hapana aliyejua pa kuitafuta, mpaka kijana Mjerumani aitwaye Gauss akapiga hesabu kwa yale machache yaliyoandikwa, ikapatikana tena karibu na pale alipoelekeza, kabla mwaka haujamalizika.

Basi tazameni, ndugu zetu! Jiwe jeusi lisilo na roho, lisiloweza kuona haya wala kulia, haliitwi jina ila baada ya mashahidi, na hesabu, na subira. Na Susu wa Ndithini, mwanadamu mwenye roho, mjane aliyewalea wana wa watu, aliitwa mchawi kwa nusu saa, kwa ushahidi wa kokoto iliyowaka kilomita 100 juu, na kwa neno la mtu aliyeko pwani asiyepata kumwona.

ILIMU YA FALAKI NA KUPIGA FALAKI

Mtu asije akafahamu kuwa tunaitweza ilimu ya nyota. Ilimu ya falaki ni katika fahari za Waislamu. Abu Raihan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 na kufa katikati ya karne iliyofuata, aliupima ukubwa wa dunia kwa mlima na hesabu, na leo kisayari namba 9936 kinaitwa kwa jina lake, kama namba 2755 inavyoitwa kwa jina la Ibn Sina. Manahodha wetu walivuka bahari kwa nyota, na wakulima wetu waliihesabu miongo kwa Nairuzi. Kwa hesabu hiyo twajua nyakati za sala na kuandama kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo twajua pia kuwa Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini, hata mtu wa Mombasa akielekea kaskazini sawasawa amekaribia mno kuelekea kibla.

Hii ndiyo ilimu. Alama yake ni kwamba mwenyewe hukuonyesha njia ya kupimia, na wewe ukipima ukaona amekosea, hukushukuru. Ama kupiga falaki kwa kuhesabu herufi za jina la mtu na jina la mama yake, ili isemwe nani atakufa, nani kamroga nani, na biashara gani itakwenda, huko ni kudai ghaibu. Alama yake ni kwamba hakuna kipimo, hakuna shahidi, na malipo hutangulia. Vimekaa pamoja katika jina moja la falaki kama mtama na kiduha vikaavyo katika konde moja, na kazi ya mwenye konde ni kupambanua.

Na jambo la vimondo si geni katika mafundisho yetu. Katika Qur'ani Tukufu mmetajwa vimondo na mashetani wanaosikiliza kwa wizi, nasi twaamini yaliyotajwa kama yalivyotajwa, bila ya kuzidisha. Lakini hapana popote paliposemwa kuwa kimondo huonyesha nyumba ya mchawi, au hutangaza mauti ya mtoto. Bali imepokewa katika Sahihi ya Muslim, kutoka kwa Ibn Abbas, kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, alikuwa ameketi na sahaba zake usiku, kikapita kimondo. Akawauliza walikuwa wakisema nini katika zama za ujahili kikipita kama hicho. Wakamjibu kuwa walikuwa wakisema amezaliwa mtu mkubwa au amekufa mtu mkubwa. Naye akawafahamisha kuwa vimondo havirushwi kwa ajili ya mauti ya mtu wala uhai wake. Basi anayesema leo kuwa kimondo kimekuja kwa sababu ya mtu fulani, ameyarudia maneno ya wale wa zamani baada ya kukatazwa kwake. Na tumefunzwa pia, katika Suratul Hujurat, kuwa tukiletewa khabari na mtu asiyeaminika tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta.

KHABARI YA NDITHINI ILIVYOKWISHA

Baada ya sala ya Alfajiri tulimwambia mwenyeji wetu maneno haya, "Ndugu yetu, ghadhabu yako juu yetu ni nyepesi kuliko maiti ya mtoto. Mtoe." Akasimama kitambo kirefu mlangoni. Kisha akamchukua mtoto begani, tukatafuta gari, tukaenda hospitali. Damu yake ilipopimwa ikaonekana ana malaria, nayo ilikwisha kuwa kali. Daktari akasema kuwa lau angecheleweshwa mpaka zile siku tatu kutimia, asingelikuwa na la kufanya. Alilazwa siku kadha wa kadha, akapoa, alhamdulillahi.

Lakini tuliporudi tulikuta neno limekwisha kufika sokoni. Mtu asiyejulikana alikuwa amelipiga mawe paa la nyumba ya Susu usiku, na wanawake waliacha kuchota maji pamoja naye. Wala msiseme kuwa hayo ni mambo ya bara. Hapa kwetu pwani, huko Kilifi, wazee wenye mvi wameuawa kwa tuhuma kama hiyo hiyo, na wengine wameyahama makwao.

Mwenyeji wetu, naye ni mtu mwenye kumcha Mungu, alikwenda kwa Susu, nasi pamoja naye. Akasema mbele ya watu kuwa nyumba yake imemdhulumu, na kuwa mtoto alikuwa na malaria. Bibi yule akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mtoto anakula?" Akaambiwa kuwa anakula. Akasema, "Basi ni vyema." Hakusema zaidi. Tumepata khabari kwamba mpaka sasa huitikia salamu, lakini dukani haji tena, hutuma mjukuu. Neno likitoka halina njia ya kulirejea kama kisayari kinavyorejea kila baada ya miaka minne na miezi tisa.

Nasi sehemu yetu katika dhambi hii ni ule usiku mmoja wa kunyamaza. Tumeuandika hapa ili mwenzetu atakayekuwa mahali kama pale asiungoje mpaka alfajiri.

MASUALI YA KUZINGATIWA KATIKA HALAKA

1. Kwa nini watu wa miji mbalimbali huweza kila mmoja kudhani kuwa kimondo kimoja kimeangukia kwa jirani yake?

2. Tajeni hatua zinazopitwa tangu kisayari kuonekana mpaka kupewa namba na jina. Ni hatua zipi katika hizo tunazoziruka sisi tunapomtuhumu mtu?

3. Elezeni tafauti ya ilimu ya falaki na kupiga falaki, kwa mifano ya mtaani kwenu.

4. Mtoto ana homa, na wakubwa wa nyumba wamekataza asitolewe. Wewe ni mgeni. Utasema nini, na utasema lini?

Tarehe 13 Disemba ijayo, inshallah, halaka yetu itakusanyika ufukoni baada ya Isha, mahali pasipo taa, kuvitazama vimondo na kuvihesabu. Kila mwanafunzi na aje na kalamu na daftari, aandike saa na upande. Na atakayemwona jirani yake ndani ya kimondo, arudi aisome darsa hii tena tangu mwanzo.

Wabillahi ttaufiki.